Miguu ya Kazimili

Watu wa Kaniha walisema mimi ndiye niliyeila miguu ya Kazimili. Walisema dukani, walisema kisimani, wakasema hata kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti amekaa pale na picha ya Mwalimu ukutani nyuma yake. Mimi Ngeleja, baba Limi, kupenda sifa sikatai, na domo ninalo sikatai. Lakini miguu ya mtu mwingine ningeipeleka wapi? Nilikuwa na yangu miwili na ilinitosha.

Tena niseme wazi, hakuna mtu katika wilaya nzima ya Biharamulo aliyeihitaji miguu ya Kazimili kuliko mimi. Ukiondoa mkewe na yeye mwenyewe, labda.

Sisi Wasukuma tulihamia Kaniha kutoka pande za Mwanza na ng'ombe wetu, majembe yetu na ngoma zetu. Tulipoandikishwa katika kijiji cha ujamaa, wenyeji wetu Wasubi walishangaa kuona hatulimi kimya. Shamba la kijiji tulililima kwa ngoma, watu mstari mmoja, majembe yakipanda pamoja na kushuka pamoja. Na kama ilivyokuwa kwa babu zetu, tuligawanyika makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu. Kazimili aliwaongoza Wagika. Mimi niliwaongoza Wagalu. Kila mwaka baada ya mavuno, siku ya Sabasaba, makundi yote mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji huenda wanakopenda. Hakuna hakimu wala filimbi. Watu wakikukimbia, umeshindwa.

Mimi nilikuwa nakimbiwa kila mwaka. Kazimili alikuwa mrefu, na alikuwa na namna yake ya kulirusha jembe juu, likazunguka angani, yeye akapiga magoti na kulidaka kabla halijagusa ardhi, kisha akainuka nalo kwa mruko mmoja. Ungeona wanawake! Mke wangu mwenyewe nilimkuta siku moja upande wa Wagika akipiga vigelegele. Aliniambia alikuwa anamtafuta mbuzi.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1985 nilijiandaa. Katika ngoma zetu, kutukanana kwa nyimbo ni ruhusa, tena asiyetukanwa huona amedharauliwa. Nikatunga wimbo mzuri kabisa: Kazimili, mwaka huu utacheza umekaa. Kijiji kizima kiliuimba. Kazimili mwenyewe aliusikia tukiwa kwenye palizi, akacheka mpaka akashika kiuno, akanijibu kwa wimbo kuhusu masikio yangu ambao sitaurudia hapa.

Haikupita muda mrefu akaanza kulalamika mgongo. Hatukujali, maana nani analima bila kuumwa mgongo? Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuchimba majaruba bondeni, mahali ambapo wenyeji hawakupata kupanda kitu. Alikuwa hodari wa mpunga. Alfajiri yumo ndani ya maji, mchana anaoga humo humo, akisikia kiu anainama na kunywa. Halafu siku moja tulikuwa shamba la kijiji, Wagika zamu yao kuongoza. Kazimili akalirusha jembe, likazunguka, akapiga magoti, akalidaka. Kuinuka, hakuinuka.

Tulidhani ni mtindo mpya. Watu wakashangilia, na mimi nikasononeka kwa wivu, nikijiuliza kwa nini sikuufikiria mimi. Kisha tukaona mikono yake inakandamiza ardhi na jasho linamtiririka, na kelele zikakatika.

Wiki haikuisha, miguu ikawa imekufa. Ukimfinya kidole cha mguu hana habari. Mkojo nao ukagoma kutoka, tumbo likamjaa. Mtu aliyekuwa anaruka kama swala akawa anageuzwa kitandani na mkewe.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Wenyeji walisema ni Juliana. Siku hizi tunauita UKIMWI na tunaujua, lakini wakati ule ulikuwa ugonjwa mpya unaowakondesha watu kuanzia pande za Bukoba, na watu waliupa jina la kitambaa cha mashati ya magendo yaliyotoka Uganda. Kazimili alikwenda Uganda. Alikuwa mgambo, akachukuliwa vitani wakati wa Amin, akavuka mto Kagera na kurudi salama. Na shati la Juliana alikuwa nalo, alilivaa kila Jumapili. Ushahidi gani tena mtu anataka? Watu wakaanza kupita mbali na mji wake.

Kwa upande wetu Wasukuma, mambo yalikwenda kwa mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli. Mzee Malongo akapasua kuku, akachungulia ndani, akasema miguu imefungwa na Mgalu mwenye mdomo. Nani mwingine? Ukweli ni kwamba dawa ya ngoma nilikuwa nayo, kiongozi gani wa ngoma hana? Yangu ilikuwa ya kuvuta watu tu, na niliipata kwa Malongo huyo huyo, kama Kazimili alivyoipata yake kwa Malongo huyo huyo. Lakini kuku hakulitaja hilo.

Asubuhi moja Kwandu, mke wa Kazimili, alikuja mlangoni kwangu.

"Baba Limi, toka nje!"

Nikatoka.

"Mfungue mume wangu."

"Shemeji, nimemfunga kwa kamba gani?"

"Usinifanyie mzaha. Wimbo umeimba wewe, na kuku amekutaja wewe. Unataka ng'ombe, chukua. Unataka ushindi, chukua, nani anaujali? Lakini mfungue."

Kisha akakaa chini pale pale mlangoni, mwanamke yule mkali ambaye hata mwenyekiti humwogopa, akalia. Nilikuwa na matusi tayari mdomoni, yote yakaniishia. Niliona uchungu, na niliona hasira, na hasira ndiyo iliyonipeleka mbio kwa Kazimili.

Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, amekonda, macho makubwa.

"Mwangaluka, Mgika."

"Mwangaluka. Umekuja kutazama kazi yako?"

"Kazimili, nisikilize vizuri. Umenishinda kila Sabasaba tangu tuhamie hapa. Ningekuwa na dawa ya kuua miguu, unadhani ningesubiri mpaka leo?"

Alifikiri. Nikaona mdomo unaanza kucheza, kisha akacheka, cheko dogo la mtu mwenye maumivu.

"Hilo nalo neno," akasema.

Nikakaa karibu naye. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kama ni ile ya Bukoba je?"

"Sijui."

"Naogopa, Ngeleja. Kufa kwenyewe siogopi sana, vitani tulikuzoea. Naogopa kulala hapa nikigeuzwa kama gunia. Nikisimama tu. Hata kama nitakufa mwakani, nisimame kwanza."

Sijui kwa nini neno lile lilinikaa rohoni kuliko kilio cha mkewe. Labda kwa kuwa mimi pia kila nilichokuwa nacho cha kujivunia kilikuwa kwenye miguu. Nikasema, "Kesho tunakwenda hospitali."

Kusema ni rahisi. Mwenyekiti wetu, mtu mwema lakini mwoga, alisema lori la ushirika linabeba pamba, halibebi Juliana. Wagika, vijana wake wa ngoma aliowafundisha mwenyewe, hawakutaka kumgusa. Nusu yao waliogopa ugonjwa, nusu waliogopa dawa yangu. Wazee wakauliza faida ya kumhangaisha mtu ambaye safari yake inajulikana. Na Malongo akaonya kwamba Mgalu akimgusa, atafia njiani.

Wote wakamwangalia Kwandu. Kwandu akaniangalia mimi, muda mrefu, mpaka nikatamani kuangalia pembeni.

"Mchawi mpe mwana akulelee," akasema. "Akifia mikononi mwake, nchi nzima itajua nani kamuua. Mbebeni."

Basi nikawaita Wagalu wangu. Walikuja, Mungu awabariki, wengine wakitetemeka. Tukakinyanyua kitanda na Kazimili juu yake, tukashika njia ya barabara kuu. Kitanda ni kizito na njia ni ndefu, kwa hiyo tukafanya kama tunavyofanya shambani, mmoja akapiga ngoma na sisi tukatembea kwa mapigo yake. Tulikuwa hatujafika hata mtoni nikasikia sauti kutoka kitandani.

"Mnachelewesha pigo la pili! Ndiyo maana mnashindwa kila mwaka."

"Nyamaza, mgonjwa," nikamwambia.

"Nitanyamazaje na nyinyi mnaniaibisha mbele za watu?"

Tukacheka wote, na nadhani kitanda kikapungua uzito. Barabarani tulipata lori lililokuwa linaelekea Ngara. Wagalu wakarudi nyumbani na ngoma, mimi na Kwandu tukapanda naye.

Hospitali ya misheni tuliyofika ilikuwa na daktari mtawa, Sista Odeta, Mhangaza, mwenyeji wa Kirushya huko huko Ngara, mfupi, asiyepoteza maneno. Nilimwamkia shikamoo ingawa pengine nilimzidi umri. Jambo la kwanza alimwekea Kazimili mpira wa mkojo, na Kazimili akashusha pumzi kama ng'ombe aliyefika mtoni wakati wa kiangazi. Kisha Sista akamgonga magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa pini, akauliza, "Unalima nini?"

"Mpunga, Sista."

"Maji yanakufika wapi?"

Kazimili akaonyesha juu ya goti.

"Unaoga humo?"

"Naoga na kunywa."

"Ukitoka unawashwa?"

"Nawashwa, lakini si mpunga unawasha?"

Sista akaagiza choo chake kipimwe. Kisha akamlaza kwa ubavu, akamkunja kama mtoto na kumtoa maji ya mgongoni kwa sindano ndefu. Kwandu alifumba macho. Mimi nilitazama mwanzo tu, halafu nikakumbuka nina kazi nje.

Kesho yake akatuita. "Ni kichocho," akasema.

Nikabisha. Sikuwa mtu wa kunyamaza hata kwa mtawa. "Sista, kichocho tunakijua, mtu anakojoa damu. Huyu hakukojoa damu, huyu miguu imekufa."

"Hicho ni cha kibofu. Kuna cha matumbo pia. Mdudu anatoka kwa konokono wadogo walio kwenye maji ya majaruba, anaingia kwenye ngozi, anaishi ndani ya mishipa ya damu na kutaga mayai. Mayai mengi hutoka na choo. Mara chache, chache sana, yanapotea njia na kuingia kwenye uti wa mgongo. Uti unavimba, na miguu inakosa kupata amri kutoka kichwani."

"Konokono?"

"Konokono."

Nilikasirika jamani! Kijiji kizima kimenivua nguo, shemeji amelia mlangoni kwangu, kuku wa watu amekufa bure, kumbe ni konokono. Kazimili alikuwa ananitazama, na nikaona anajizuia kucheka.

Baadaye nilimfuata Sista ukumbini, nikamwuliza peke yangu kuhusu ile nyingine.

"Damu nitaipeleka Dar es Salaam," akasema. "Majibu ni miezi, na mara nyingine hayaji."

"Kwa hiyo tusubiri majibu ndipo apewe dawa?"

Akanigeukia, na nikajua ni kwa nini wauguzi wanamwogopa. "Asubiri nini? Iwe anayo, iwe hana, mayai yako mgongoni mwake leo. Hao wenye ugonjwa huo ninao wodini. Nao wanaingiwa na wadudu, wa mgongoni na wa kichwani, na nikimwona mdudu ninayemweza namtibu, mtu anainuka na kwenda kuwaona watoto wake. Kuna ugonjwa siuwezi. Huo si sababu ya kuacha ninaouweza."

Nilirudi ndani nikakaa. Niseme hapa hapa kwamba majibu yale ya Dar es Salaam hayakuja. Kazimili hakuyaulizia, na mimi sikumwuliza.

Alipewa vidonge vikubwa vichungu, vikaisha siku ile ile, na vingine vidogo vya kupunguza uvimbe, vya kumeza kila siku. Halafu hakukuwa na la kufanya ila kungoja, kazi ambayo siiwezi. Nilipasua kuni za jiko la hospitali, nikabishana na wagonjwa waliotoka Murukulazo kama ugali ni chakula au ndizi ndiyo chakula. Waliniambia mtu anayekula ugali kila siku hana tofauti na kuku. Kwandu alimkanda mumewe miguu asubuhi na jioni. Miguu ilikaa vile vile, na kila siku Kazimili alizidi kuwa mpole, jambo ambalo lilinitisha.

Asubuhi moja Kwandu alikuwa anamwosha nyayo, mimi nimesimama dirishani nikisimulia habari za ng'ombe. Kazimili akasema, "Acha kunitekenya."

Kwandu akaganda. Kitambaa kikamponyoka.

"Umesemaje?"

"Nimesema unanitekenya."

Akamfinya kidole gumba. "Ai!" Akakifinya cha mguu wa pili. "Ai! Kwandu!" "Mayo!" akalia Kwandu, "mayo we!" na akaendelea kumfinya mguu mzima, juu na chini, anacheka na machozi yanamtoka, mpaka Kazimili akamwomba muuguzi amwokoe. Mimi nikatoka nje, nikaenda nyuma ya jiko na kulia kama mtoto. Muuguzi aliponikuta nikamwambia ni moshi.

Tulirudi Kaniha akiwa anajikokota kwa fimbo mbili. Mnadhani watu waliniomba radhi? Thubutu. Malongo alitangaza kwamba damu ya yule kuku ndiyo iliyofanya kazi, ila ilichelewa njiani. Na waliokuwa wanasema nimeila miguu sasa wakasema nimeitapika, kwa kuwa niliogopa. Nikawa mchawi mwema, watu wananisalimu kwa heshima. Nilieleza habari za konokono mpaka nikachoka. Mtoto wangu Limi ndiye peke yake aliyeniamini, na yeye alikuwa hajaanza kuota meno vizuri.

Lakini neno moja la Sista tulilishika, kwa sababu Kazimili alilishikia fimbo. Choo kisifike majini, na mtu asioge wala kunywa maji ya jarubani. Mabuti ya mpira hatukuyapata, maduka baada ya vita yalikuwa na rafu tupu na kibiriti kimoja kimoja. Vyoo tuliweza. Kazimili alikaa juu ya kichuguu na fimbo zake, akawapanga Wagika upande huu na Wagalu upande huu, ngoma zikapigwa, tukashindana kuchimba vyoo bonde zima. Wasubi walikuja kututazama, wakacheka, halafu wakaomba na wao tuwachimbie. Baadhi ya watu waliokuwa wanapita mbali na mji wa Kazimili wakaanza kupita karibu. Wengine hawakurudi, nao tukawaacha na njia yao. Zilikuwa siku nzuri. Jioni nilikuwa namfuata nyumbani kwake, tunakunywa togwa ya Kwandu, tunatukanana, na yeye anajaribu kuachia fimbo moja na kuanguka, anajaribu tena na kuanguka. Alikuwa hajawahi kusimama bila fimbo hata mara moja, na tulikuwa tumeacha kuhesabu mara alizoanguka.

Sabasaba ikafika. Wagika waliongozwa na kijana mwingine, Shibuda, hodari lakini si Kazimili. Kazimili alikaa kwenye mkeka karibu na wapiga ngoma wake, fimbo zimelala pembeni. Na mimi siku ile, sijisifu, nilicheza. Kila kitu kilinikubali. Jembe lilikuwa jepesi mkononi, Wagalu walikuwa mtu mmoja. Watu walianza kuhama kutoka upande wa Wagika, kwanza mmoja mmoja, halafu makundi. Nikamwona mwenyekiti amekuja, nikawaona Wasubi, nikamwona hata mke wangu. Duara letu likawa nene, watoto wamebebwa mabegani, vumbi na vigelegele mpaka sisikii ngoma. Miaka yote ile nilikuwa nautafuta utamu huu, na sasa nilikuwa nao mdomoni.

Mara watu wa nyuma wakageuza shingo.

Upande wa pili ngoma ilikuwa imenyamaza. Kazimili alikuwa ameshika bega la Kwandu, amesimama, na fimbo zake zimebaki mkekani. Halafu akaliacha bega. Akainua mguu wa kulia, akauweka mbele. Akayumba, mikono ikatanuka, hakuanguka. Akainua wa kushoto. Hakuwa anacheza, hakuwa na jembe wala njuga. Alikuwa anatembea tu, taratibu, kama mtu anayekwenda kuangalia shamba lake.

Watu walinikimbia wote. Sijawahi kukimbiwa namna ile. Wazee wenye mikongojo walinikimbia, wanawake wenye watoto mgongoni walinikimbia, mwenyekiti alikimbia na kofia mkononi. Wagalu wangu waliniangalia, wakaangaliana, wakatupa majembe na kukimbia. Mpiga ngoma wangu alipiga mapigo machache zaidi kwa kunionea haya, kisha naye akaiacha ngoma chini.

Nikabaki katikati ya uwanja peke yangu na jembe langu juu. Nilijua nimeshindwa. Nikaliweka chini na kukimbia nami, nikisukuma watu kwa viwiko, maana walikuwa wengi sana na mimi si mrefu, na niliogopa nisingemwona.